Barua ya wazi kwa bakubwa wa Lubumbashi: ruhusa ya bwana ilitoka mu sheria, itoke na ku gishe (dirisha la ofisi)

Kwa Mheshimiwa Gavana wa provensi ya Haut-Katanga, kwa Meya wa mji, kwa maburgumestre, wakuu wa komini zetu zote saba, Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, na kwa wote wanaoongoza ofisi za ardhi, eta-sivili (ofisi ya kuandikisha ndoa na watoto), masoko na mabanki ya hapa kwetu.

Bakubwa, jambo yenu. Mimi ni mama wa soko, ninauza unga ya mahindi ku soko ya Kenya, nina watoto, nina bwana, nalipa takse ya soko kila siku, na wale wanaopitaga kukusanya ile takse hawajawahi kuniuliza hata siku moja kama bwana yangu amekubali nilipe. Wanapokea franka, wanakata tiketi, wanaenda kwa mama mwingine. Kwa kulipa mimi ni mtu mzima. Lakini siku nilipopeleka dosye (faili) yangu banki juu ya kuomba mkopo, nikarudishwa kuwa mtoto.

Niwaelezee kidogo, juu hii si habari ya mimi peke yangu. Unga yetu nyingi inapitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na bei yake inacheza sana, leo iko chini, ukipitisha siku mbili tatu imepanda, sasa mama mwenye kuwa na feza kidogo ya akiba anaweza kununua magunia mengi wakati bei iko chini na soko likikauka anauza vizuri. Mwenye hana, anabaki kununua gunia moja moja kwa mwenye ghala na faida yote inabaki kule. Likelemba, mchango wetu wa kupeana feza, inasaidia, lakini likelemba ni zamu, na bei haingojee zamu yako. Ndiyo maana nilienda banki. Konti ni yangu, mi ndo niliifungua na mi ndo ninaweka feza ndani. Yule kijana wa gishe aliangalia makaratasi yote, akahesabu, akasema dosye ni muzuri, kisha akaangalia pete ku kidole yangu.

"Mama, bwana yako anajua?"

Nikamwambia anajua.

"Basi leta sinyatire (saini) yake, na fotokopi ya karte yake ya elektere, ile ya kupigia kura. Bila ile hatuwezi."

Bwana yangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi, na angesinya bila shida yoyote, si mtu wa matata. Wengine waliniambia hivyo, we mama si umpe tu asinye, unapoteza wakati juu ya nini? Nawajibu hapa mbele yenu bakubwa: juu ya jirani yangu ambaye bwana yake alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha na mpaka leo hakuna anayejua kama yuko mzima, yeye ataleta sinyatire ya nani? Juu ya yule mwingine ambaye bwana anasema nitasinya ukinipa nusu. Juu ya yule ambaye bwana anampiga, na hiyo feza ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka. Ile sinyatire kwangu ni kitu kidogo, kwao ni mlango wenye kufungwa, na wale wote tunakaa nao mstari moja ku soko.

Sasa tuongee sheria, maana mtu wa gishe aliniambia "ni sheria, mama". Si sheria. Ilikuwa sheria. Kode ya familia ya 1 Agosti 1987, ile ya wakati wa Mobutu, ndiyo ilisema mu artikli ya 448 kwamba mwanamke mwenye kuolewa lazima apate ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la kisheria ambamo anajifunga kutenda kitu yeye mwenyewe, na artikli ya 444 ikasema mume ni kichwa ya nyumba na bibi anapaswa kumtii. Tuliishi nayo hivyo karibu miaka 30. Mama mwenye shule yake, mwenye kazi yake, hawezi kuuza parsele (kiwanja) aliyonunua mwenyewe wala kujifunga mu mkataba mpaka mwanaume aseme ndiyo. Kisha Katiba ya 2006 ikaja, artikli ya 14 ikaagiza serikali iondoe kila aina ya ubaguzi juu ya wanawake, na bado ikabidi bamama na maavoka (wanasheria) na mashirika wasukume miaka kumi, semina kwa semina, utetezi kwa utetezi, mpaka tarehe 15 Julai 2016 sheria mpya ikasiniwa na ile ruhusa ikatolewa. Leo artikli ya 448 inasema kitu kingine kabisa: wenye kuoana wanapaswa kusikilizana kwa matendo ya kisheria ambayo wanajifunga nayo. Kusikilizana. Wote wawili.

Na hapa ndipo ninaomba mfungue masikio vizuri, juu mabanki na ofisi zingine wameigeuza hiyo artikli mpya ikawa tena ile ya zamani. Wanasema, si unaona mama, sheria inasema musikilizane, basi bwana asinye. Sawa. Mwanaume akiingia kuomba mkopo juu ya kununua gari, nani anamwambia aende kuleta sinyatire ya bibi yake? Akiuza parsele ambayo bibi na watoto wanakaa ndani, ofisi gani inamwita bibi kwanza? Nimeuliza wanaume wa soko letu, nimeuliza ndugu zangu, nimeuliza bwana yangu mwenyewe ambaye alichukua mkopo kabla yangu kwa banki ingine. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Kama sheria ni ya wawili, iulizwe kwa wawili, na kama haiulizwi kwa mwanaume, isiulizwe kwa mwanamke. Sisi hatuombi zaidi ya hapo.

Bakubwa, hii mji yetu inajua vizuri namna mtu anavyowekwa chini kwa njia ya karatasi. Wazee wetu waliishi Elisabethville, jina ya zamani ya Lubumbashi, mwenye ngozi nyeusi akipigwa marufuku kuonekana usiku mu mji wa wazungu bila karatasi, na nafasi iliachwa wazi kati ya mji na site, mtaa wa weusi, juu watu wasichangamane. Union Minière, kampuni ya shaba, ilikuwa na makambi yake, nyumba ilikuwa ya kazi, posho ilihesabiwa kwa bibi na watoto kupitia jina ya mume, na mume akifukuzwa au akifa, mama hana jina yake mwenyewe ku kitabu yoyote. Na mu miji ya Kongo ya Wabelgiji wanawake walioishi peke yao bila bwana walilipishwa kodi yao ya pekee, eti ni wanawake huru. Mwanamke akae na bwana, au alipe. Mama wa mama zetu walipita mle.

Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Ilikuwa vita ya dunia, shaba ya Katanga ilitakiwa sana, bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki palepale. Waliitwa ku uwanja wa mpira, hapa hapa kwetu, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anaongea kwa jina la wenzake, aliuawa siku ile, pamoja na makumi ya wengine. Kila mtoto wa Lubumbashi angepaswa kujua lile jina, na nafikiri ni haya kubwa kwamba wengi hawalijui. Miaka mitano baadaye, 1946, ndipo utawala uliruhusu weusi kuwa na sendika, vyama vya wafanyakazi. Si huruma iliyowaletea ile ruhusa, ni damu ya wale watu na woga kwamba itatokea tena.

Lakini muangalie nani aliachwa nyuma kila mara. Desemba 1957 watu weusi wa Elisabethville walipiga kura mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komini, wanaume tu. Mei 1960, uchaguzi wa kuelekea uhuru, ule uliomleta Lumumba, wanaume tu tena. Uhuru ulikuja na mama zetu hawakuwa na kura. Mwaka 1966 Sophie Kanza akawa waziri, mwanamke wa kwanza mu serikali ya Kongo, na 1967 wanawake wakapata kura, watu wakasema sasa imekwisha. Haikuisha! Miaka 20 baadaye ndipo walitunga ile kode ya 1987, na mwanamke aliyeweza kuwa waziri na kusinya makaratasi ya nchi nzima, akirudi nyumbani kama ameolewa hawezi kusinya ya kwake. Tangu Aprili 2024 Waziri Mkuu wa nchi hii ni mwanamke, Mama Judith Suminwa Tuluka, na mimi nilifurahi sana ile siku, soko nzima bamama walipiga vigelegele. Ila furaha ya Kinshasa lazima ishuke mpaka ku gishe ya Lubumbashi, maana huku ndiko maisha yetu yanakatwa.

Na ile inayoniumiza zaidi si banki. Ni wajane.

Kuna mama mmoja wa Katuba, sitamtaja jina, tulisali naye pamoja. Bwana yake alikufa kwa ugonjwa, maiti ilikuwa bado morge (mochari), kilio ndiyo imeanza, watu wamekaa ku viti vya plastiki chini ya hema, na wakwe wakaingia chumbani. Waliomba funguo. Wakachukua mfuko ya makaratasi ya parsele, televizyo, magodoro mawili, na sufuria kubwa ile ya kupikia bukari (ugali) ya kilio yenyewe, ile iliyokuwa ku moto, wakamwaga maji yake chini wakaibeba ingali na joto. Mimi nilikuwa pale. Shemeji mkubwa alisema nyumba ni ya damu yetu, wewe ni mgeni, ulikuja kuolewa. Watoto wake wanne wamesimama wanaangalia.

Tukamsindikiza kwa shefu wa kartye, mkubwa wa mtaa, atafute karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa anaishi pale na marehemu. Shefu alituambia hawezi kuandika kitu mpaka familia isikilizane. Familia gani? Ile iliyobeba sufuria? Tukaenda komini, pale wakauliza akte (cheti) ya ndoa. Hana. Mahari ilitolewa, wazazi walikula mbuzi, mchungaji alibariki, lakini ku eta-sivili hawakufikaga, kama vile watu wengi sana wa mji huu hawakufikaga, na hakuna mtu aliyewaambia kwamba siku ya kifo ile karatasi ndiyo itakuwa na sauti kuliko miaka yote waliyokaa pamoja.

Na sheria iko wazi, na haikungoja 2016, ilikuwa tayari mu kode ya 1987. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, wanapata robo tatu ya mali, mtoto msichana sawa na mtoto mvulana, na aliyezaliwa nje ya ndoa naye kama baba alimtambua. Mjane ana fungu lake mu ile robo iliyobaki, na zaidi ya hapo ana haki ya kuendelea kukaa mu nyumba aliyoishi na bwana yake na kutumia vyombo vya ndani. Kwa hiyo wale wakwe hawakumnyang'anya mgeni, waliwanyang'anya watoto wa ndugu yao, na shefu wa kartye alisimama pembeni akaita ule wizi mambo ya familia. Yule mama leo anapanga chumba kimoja Kampemba. Watoto wawili wakubwa wameacha shule, si kwa sababu ya minervali, feza ya shule, ile ya primeri serikali iliifuta tangu 2019 na tunaishukuru, ila juu lazima mtu achote maji na auze kidogo barabarani.

Kuhusu vyeti vya kuzaliwa nitaenda haraka. Sheria inatoa siku 90 kuandikisha mtoto, na inasema baba au mama. Mama akifika peke yake na mtoto mgongoni anaambiwa arudi na baba. Siku 90 zinapita, kisha inabidi kwenda tribinali (mahakama) na kulipa. Mtoto anakosa karatasi juu ya kosa ambalo hakuna aliyelifanya isipokuwa mtu wa ofisi.

Najua mtakayojibu wengine wenu, maana nimeshaisikia. Mtasema mila. Bakubwa, mila yetu ninaiheshimu, nilipiga magoti mbele ya wakwe zangu na ningali napiga. Lakini mila yenyewe, ile ya wazee, haikuwaga ya kumtupa mjane nje maiti haijazikwa. Wazee walikaa, waliongea, walimwekea mjane na watoto mtu wa kuwaangalia. Ile tunayoona leo ni bei ya parsele mu Lubumbashi imepanda na watu wanatafuta jina ya kufunika tamaa. Tena mila haikujuaga banki. Hakuna mzee wa kijiji yoyote aliyeagiza fotokopi ya karte ya elektere.

Wengine watasema nchi iko mu vita, Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari, ndugu zetu wanakufa na wanalala ku mahema, na mama wa Lubumbashi analeta mambo ya sinyatire. Mimi nina dada mdogo aliyeolewa Bukavu, sihitaji kufundishwa uchungu wa kule. Ila kwa kumsikiliza mjane wa Katuba hamuhitaji silaha wala msaada wa ng'ambo wala kungoja mkataba wowote usainiwe. Hii ni kazi ambayo iko mikononi mwenu leo, mu majengo yenu, kwa watu mnaowalipa nyinyi wenyewe.

Tena wanaume wenye kusoma hii wasifikiri ninawaandikia kama maadui. Wale wa uwanja wa 1941 walikuwa baba zetu, na sisi tunajua mwanaume wa Katanga naye anavyokandamizwa, kijana anayechimba kule mashimoni bila haki yoyote, mfanyakazi wa sutretansi, wa kampuni za kati, anayefukuzwa bila barua. Bwana yangu anayajua hayo vizuri. Lakini mtu aliyeonewa na mkubwa wake kazini halafu akarudi kumwonea bibi yake nyumbani, amemsaidia yule mkubwa kazi yake. Na ofisi inayompa karatasi ya kumwonea nayo imeshiriki.

Sasa tunaomba hivi. Gavana aandike barua moja, ya ukurasa mmoja inatosha, kwa mabanki yote na kwa ofisi za ardhi za provensi, iseme kwamba ruhusa ya bwana haiko tena mu sheria, iliondolewa na sheria ya 15 Julai 2016, na palipo na kusikilizana kwa wenye ndoa ulizeni wote wawili bila kuchagua. Ile barua ibandikwe ukutani, pale ku gishe, pale mtu anaposimama, si mu kabati ya direkta. Na ibandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, juu sheria zote zinatoka kwa Kifaransa na bamama wengi wa soko wanaambiwa tu "ni sheria" na mtu ambaye naye hajaisoma.

Meya na maburgumestre waite mashefu wa kartye wote, wawaambie kwamba kumwandikia mjane atestasyo (hati) ya kukaa si kuingilia familia, na shefu atakayekataa aandike sababu yake na asinye jina yake chini. Tutaona ni wangapi watakubali kusinya. Wakati wa kilio mtu akibeba makaratasi na vyombo vya mjane, polisi wapokee malalamiko siku ileile, wasimwambie mama aende kupatana kwanza. Na eta-sivili zishuke ku makartye, ku masoko, ku makanisa, siku za jumamosi, waandikishe ndoa za mahari, bei ijulikane mbele na isibadilike ukifika. Mapadri na wachungaji mna watu mbele yenu kila jumapili, wakati wa matangazo tangazeni na hii. Radio zetu za mtaa ziko, na avoka mmoja akipewa nusu saa kwa wiki kwa Kiswahili atafanya kazi ambayo semina za hoteli hazijafanya.

Kwa upande wetu hatujakaa kungoja. Bamama wa mstari wetu tumechangishana, tumetoa fotokopi za artikli ya 448 ya sasa, na zile za urithi, kijana mmoja mwanafunzi wa sheria wa UNILU, universite ya hapa, ametuandikia chini yake maelezo kwa Kiswahili. Kila mama anaenda nayo mu kikapo. Yule mjane wa Katuba tumemtafutia avoka na dosye yake itaingia tribinali, ana mashahidi, mimi ni mmoja wao na nitaeleza niliyoyaona mpaka ile sufuria. Na mimi nitarudi banki na dosye ileile. Yule kijana wa gishe si mtu mbaya, alisalimia vizuri, alifanya alivyoagizwa. Nataka safari hii mkubwa wake awe ameshamwagiza kingine, na anayeweza kumwambia mkubwa wake ni nyinyi.

Mama wa soko ya Kenya, Lubumbashi